Mkono Ndani ya Rundo: Safari ya Gari-Nyumba Hadi Stornoway



Mwaka jana, mwezi wa Juni, mimi na mama watoto tulialikwa na mpwa wangu anayeishi Leicester, Uingereza. Ni mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Mombasa, na amekaa huko miaka kumi na sita. Katika baridi ya Februari yeye na mkewe walikuwa wamenunua gari-nyumba kuukuu la dizeli, na nia yao ilikuwa kutupeleka hadi kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, tukauone msikiti uliofunguliwa katika mji wa Stornoway mwaka 2018.

Kwa asiyelijua gari la namna hii, ulimi wake mbele ni Fiat Ducato, gari la mizigo kama yale tuyaonayo yakipeleka mikate, na nyuma ni chumba kamili: vitanda, jiko la gesi, choo, kabati, na tangi la maji la lita 100. Juu ya kiti cha dereva kuna kitanda kingine kilichochomoza mbele kama paji la uso. Kwetu sisi watu wa pwani ningesema ni jahazi la nchi kavu. Kila kitu kimo ndani, na nahodha sharti awe pia fundi.

Mke wa mpwa wangu alinieleza kwa nini walilitamani. "Mjomba, tukisafiri humu tuna jiko letu, chakula chetu halali, maji ya kutawadha, na sitara. Simtafutii binti yangu choo njiani, wala sivui mtandio wangu kwenye bweni la watu." Nusu ya bei ilitoka katika mshahara wa mumewe. Nusu ya pili ilitoka katika bangili zake mbili za dhahabu alizoachiwa na marehemu mamake. Naomba msomaji aziweke bangili hizo moyoni, kwa sababu tutazirudia.

Yeye ndiye aliyeshika daftari. Siku mbili kabla ya kuondoka alinizungusha kando ya gari kama mwalimu anayemzungusha mwanafunzi. Alinionyesha ubavuni mwa tairi tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Gari-nyumba, alisema, husimama miezi mingi huku limebeba uzito wake wote, na tairi huzeeka kwa jua na kwa umri hata meno yake yakiwa mapya. Aliyeliuza gari aliwaambia, "Tazameni, matairi hayajalika hata kidogo." Na kweli hayakulika, ila yalikuwa na miaka kumi na moja. Waliyabadilisha yote kabla ya safari ya kwanza.

Katika daftari hilo nilisoma pia habari za mkanda wa taimingi, ambao mtengenezaji huuwekea ukomo wa kilomita na ukomo wa miaka, na lolote litakalotangulia ndilo la kufuatwa. Ukikatika njiani, vali na pistoni hugongana na injini huharibika kwa dakika moja. Hakukuwa na risiti ya kuthibitisha kwamba uliwahi kubadilishwa, basi wakahesabu kwamba haukubadilishwa, wakauweka mpya. Hiyo ni hekima ya kifiqhi kabisa: yakini haiondolewi na shaka, na neno la muuzaji lisilo ushahidi si yakini.

Tulipakia, kisha tukapita kwenye mizani, kama malori yapitavyo Mariakani. Huko Uingereza aliyefuzu udereva tangu tarehe 1 Januari 1997 haruhusiwi kwa leseni ya kawaida kuendesha gari kama hili lizidilo kilo 3,500, mzigo na abiria wakiwemo. Tulizidi. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi tukamwaga nusu ya tangi. Bado tukazidi kidogo, na nusu ya zawadi zetu za tende, achari na halwa zikabaki Leicester.

Asubuhi ya Alhamisi tukasoma dua ya safari, tukashika njia.

Mpwa wangu alikuwa amelifanyia gari huduma kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuangalia na kusoma. Alibadilisha oili, chujio la oili, chujio la hewa na chujio la dizeli, na alijivunia kazi hiyo, haki yake. Tukienda alinifundisha kwamba injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto, ndipo mafuta yanaponyunyizwa na kuwaka. Kwa hiyo katika njia ya mafuta adui ni wawili, maji na hewa. Maji hujikusanya tangini gari linaposimama muda mrefu, ndiyo maana chujio la dizeli lina kifuniko cha chini cha kuyatoa. Na hewa huingia palipo na kiungo kilicholegea, ikavunja mfululizo wa mafuta kama pumzi katika mrija wa kunywea.

Alasiri, kwenye mwinuko wa Shap, barabara kuu iendayo kaskazini inapopanda milima, gari lilianza kupoteza nguvu. Malori yalitupita. Mpwa wangu akakaza meno. "Mtu yule," alisema, akimkusudia aliyemuuzia. Tulifika kambini jioni tukipanda kwa mwendo wa punda.

Usiku huo mvua ikanyesha. Mama watoto amelelewa katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, na pua yake inaujua unyevu kama pua ya mwindaji imjuavyo paa. Tangu tulipoingia garini alikuwa akilalamika kwamba udi na manukato yaliyotundikwa kila pembe yalikuwa yamezidi. Sasa alipanda kile kitanda cha juu ya dereva, akaweka kiganja ukutani, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nyumba hii inatokwa na jasho."

Mpwa wangu alichukua bisibisi, akafungua ubao wa pembeni. Karatasi ya ukutani ilikuwa mpya, safi, yenye maua madogo. Nyuma yake mbao zilikuwa nyeusi. Nilibonyeza kwa kidole, kikazama kama katika mkate uliolowa. Kuta za magari haya ni bati jepesi nje, fremu za mbao katikati na ubao mwembamba ndani. Gundi ya maungio ya paa ikipasuka kwa uzee, maji huingia tone kwa tone, na mbao huweza kuoza kabla doa halijatokea ndani. Cheti cha ukaguzi wa kila mwaka hakikuwasaidia, kwani ukaguzi huo hutazama breki, taa, matairi, moshi na mfano wa hayo. Hauulizi kama kuta zimeoza, wala hausemi kitu juu ya afya ya injini.

Lile doa lilikuwepo, ndugu msomaji. Mtu aliliona, akanunua karatasi yenye maua.

Sikuweza kulala bila ya kukumbuka kisa tunachowasomesha watoto wetu, cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni penye rundo la chakula. Juu lilikuwa kavu. Alipoingiza mkono ndani, vidole vikapata umaji. Muuzaji akasema ni mvua. Naye akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu, watu wauone. Nimekisomesha kisa hiki miaka thelathini, na usiku ule ndipo nilipoligusa rundo lenyewe. Nilimhimiza mpwa wangu amwandikie muuzaji pale pale, kwani mwenye kugundua aibu hatakiwi kuchelewa kudai haki yake. Aliandika, akapiga simu. Haikupokelewa usiku ule, wala haikupokelewa tena.

Ijumaa tuliswali katika msikiti mkuu wa Glasgow, ukingoni mwa mto Clyde. Jioni tukalala Glencoe, bonde jembamba baina ya milima myeusi ambamo maporomoko hushuka kama nyuzi za pamba. Huko kuna visubi wadogo wasioonekana, na baridi ambayo mtu wa Mombasa hana jina lake. Mama watoto alihisi upepo ukipuliza miguuni, akaona tundu sakafuni karibu na jiko, akalizibua begi lake na kuliziba tundu lile kwa leso. Jiko lilikuwa linawaka, birika juu yake.

Mkwe wetu aliliona. Alizima jiko kwanza, akaivuta ile leso, kisha akasema kwa adabu, "Mama, nisamehe. Tundu hili ni la uhai wetu." Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji, na tundu lile ndilo mlango wake wa kutokea. Na moto unaowaka katika chumba kisichopumua huzaa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, mtu akalala asiamke. Alikuwa na kifaa kidogo ukutani cha kulia hewa hiyo ikizidi, akakijaribu mbele yetu ili tusikie mlio wake. Nami nikakumbuka ni mara ngapi wakati wa mvua, hapa kwetu, jiko la makaa huingizwa chumbani na dirisha likafungwa ili mzazi na mtoto mchanga wapate joto. Enyi mama, hewa ile ni moja, Glencoe na Kisauni.

Jumamosi tulipita kando ya ziwa Ness hadi Inverness, kisha tukakata magharibi mpaka Ullapool. Kila tulipopumzika, gari lilikataa kuwaka ila baada ya kupigwa starta mpaka betri ikalegea. Na kila lilipokataa, mpwa wangu alimtaja yule mtu. Mwanzo nilimtuliza. Tulipofika Ullapool, namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, nami nilikuwa ninamsaidia kumtaja.

Meli huvuka bahari kwa muda wa saa mbili na nusu na zaidi kidogo. Tulipotia nanga Stornoway magari yote yaliwashwa, letu likakaa kimya. Wafanyakazi wa bandari walituvuta kwa trekta mbele ya watu, binti mdogo akifurahi kama yumo kwenye maulidi, babake akitazama chini.

Fundi tuliyeonyeshwa alikuwa mzee wa makamo, mzungumzaji wa Kigaeli. Alikuja akaliangalia gari, akasema, "Jumatatu, saa mbili asubuhi." Mpwa wangu akaahidi kumlipa maradufu akija kesho. Mzee akatikisa kichwa. Kesho ilikuwa Jumapili, na watu wa kisiwa kile ni Wakristo wanaoishika siku yao kwelikweli, maduka mengi hufungwa na mji hunyamaza. Mpwa wangu alikasirika. Mimi nilijiuliza ni wangapi miongoni mwetu huacha mizani mkononi adhana ya Ijumaa inapoadhiniwa, mteja akiongeza bei.

Basi Jumapili tulipata wasaa wa kuuona msikiti. Ni mdogo, umetokana na jengo lililokuwa gofu, ukafunguliwa Mei 2018 kabla tu ya Ramadhani. Waislamu wa kwanza kisiwani walifika miongo mingi nyuma kutoka Bara Hindi, wakichuuza nguo nyumba hadi nyumba, na baadaye zikaja familia za wakimbizi kutoka Syria. Sisi hapa Mombasa tunaelekea kaskazini kuikabili Kaaba. Pale tulielekea kusini-mashariki. Jua lilitua karibu na saa nne na nusu usiku, na mbingu hazikuwa na giza kamili mpaka alfajiri. Nyumba zikitazama bahari, kimya cha siku ile, watu kusalimiana kwa majina, vyote vilinikumbusha Lamu.

Mchana huo ndipo mtihani ulipofika. Kwa hasira za Shap mpwa wangu alikuwa amelitangaza gari liuzwe, na sasa mtu wa Manchester alikuwa amejibu. Alipendezwa na picha, na bei aliyotaja ilizidi ile waliyonunulia. Picha zenyewe zilipigwa kabla ya ubao kufunguliwa. Karatasi ya maua ilionekana vizuri.

Mpwa wangu alinifuata ufukweni. "Mjomba, nikimwambia achukue kama lilivyo, si yatosha? Nami si niliuziwa hivyo hivyo?"

Nilimjibu kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, anayeijua aibu ya bidhaa yake ni wajibu aibainishe, na neno "kama lilivyo" halimsafishi aliyeficha kwa kujua. Dhuluma aliyofanyiwa na mtu wa kwanza haimpi haki juu ya mtu wa tatu. Alinyamaza muda mrefu. Naijua hali yake. Mshahara wake si mkubwa.

Aliyelimaliza jambo ni mkewe. Alikuwa amesimama nyuma yetu na binti yao. "Nusu ya gari hili ni bangili za mamangu," alisema. "Nimeridhia zipotee. Sijaridhia zirudi kwa njia hii." Akatoa simu, akampelekea yule mtu wa Manchester picha za mbao nyeusi, moja baada ya nyingine. Baada ya saa moja likaja jibu la shukrani. Hakulitaka tena.

Sitawaambia kwamba mara baada ya hapo alitokea mnunuzi mwingine mwenye bei bora. Hakutokea.

Jumatatu saa mbili kamili fundi alifika. Alikata kipande cha mpira wa mafuta, akaunga hapo mrija wa plastiki unaopenya macho, akamwambia mpwa wangu apige starta. Sote tuliinama kutazama. Ndani ya dizeli mapovu madogo yalikuwa yakikimbia. Hewa. Aliufuata mfululizo ule hadi kwenye chujio, akalifungua, akatoa pete ya mpira iliyonyauka na kupasuka. "Nani aliyebadilisha chujio hili?" akauliza.

Mpwa wangu akasema ni yeye. Fundi akaeleza kwamba chujio jipya huja na pete mpya, na ya zamani haifai kurudishwa. Mpwa wangu akasema hakuona pete yoyote. Hapo mkewe akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya chini maandishi yake mwenyewe ya mwezi wa Machi: "Pete nyeusi iliyobaki katika boksi la chujio, matumizi hayajulikani, nimeiweka droo ya vijiko." Binti akakimbia, akarudi nayo ikiwa bado katika mfuko wake.

Pete ikavishwa, hewa ikatolewa, injini ikawaka mara moja. Fundi alitoza malipo ya nusu saa. Angeweza kutuuzia pampu nzima ya mafuta, nasi tungemshukuru.

Tulikaa kimya barabara nzima ya kurudi bandarini. Kisha mpwa wangu akasema, "Kwa ukuta alinidhulumu. Kwa injini, siku nne nimemdhulumu mimi." Nami nilikuwa mshirika wake. Hili ndilo nililolibeba kutoka Stornoway kuliko mandhari yote: aliyekufanyia ubaya mmoja si mwenye ubaya wote, na mwenye deni kwako hageuki kuwa halali ya ulimi wako.

Walirudi Leicester, na miezi iliyofuata wakaifanya kazi mwisho wa kila wiki. Waliondoa gundi yote ya zamani kwenye maungio ya paa, wakakata mbao mpaka wakafikia zilizo kavu, wakaziacha zikauke kabisa, wakaweka fremu mpya na kuziba upya. Karatasi ya ukutani hawakuirudisha. Wameacha mlango mdogo wa ubao unaofunguka kwa mkono, ili atakayelinunua siku moja aingize kiganja chake mwenyewe.

Nami niliporudi nyumbani, asubuhi ya kwanza nililiona basi dogo la madrasa yetu likiwashwa. Kila siku tunalisomea dua watoto wakishapanda, na mimi ni mmoja wa wasimamizi wake. Niliinama kando ya gurudumu la nyuma, nikafuta vumbi, nikatafuta duara refu. Tarakimu zilikuwa 2312. Wiki ya 23, mwaka 2012. Wengi wa watoto waliokuwa wakinichungulia dirishani hawakuwa wamezaliwa.

Dua ilikuwa ya kweli. Ngamia hatukumfunga.

Tulikuwa na fedha zilizochangwa kwa ajili ya lango jipya na rangi. Tuliwaita wazazi, tukawaeleza tulichokiona na kwamba kosa lilikuwa letu sisi wasimamizi, tukawaomba ruhusa ya kuzigeuzia matumizi. Mama mmoja ndiye aliyejibu kwanza, kutoka safu ya nyuma: lango likae na kutu yake. Matairi manne yalifungwa siku ya pili. Wallahu a'lam.